Waongozaji Wasiokata

Meza moja, viti viwili, kikombe cha chokoleti ya moto na nusu ya sandwichi. Kwa vitu hivyo mwongozaji Philip Barantini ametengeneza kipande cha televisheni ambacho, kwa maoni yangu, hakikupata mpinzani mwaka 2025. Ni sehemu ya tatu ya Adolescence, tamthilia ya Uingereza yenye sehemu 4 iliyotoka Netflix mwezi Machi mwaka huo. Jamie Miller, mvulana wa miaka 13, anashikiliwa kwa tuhuma za kumuua kwa kisu msichana wanayesoma naye shule moja. Briony, mtaalamu wa saikolojia, amekuja kuzungumza naye ili aandike ripoti yake. Wanazungumza. Kamera inawazunguka taratibu. Karibu saa nzima inapita na mwongozaji hajakata hata mara moja.

Sehemu zote 4 zimepigwa hivyo hivyo: kila moja ni shoti moja, tangu kamera inapowashwa mpaka inapozimwa. Mpenzi wa filamu ukimuuliza waongozaji anaowapenda atakutajia majina mengi, na kesho atayabadilisha. Mimi pia nabadilisha. Ila kwenye orodha zangu zote kuna watu wa aina moja wasiotoka: wale wanaoweza kuweka mkasi pembeni na kuacha tukio liende lenyewe.

Kwa kawaida filamu hujengwa kwa vipande. Mwigizaji akisahau maneno, anarudia. Akilia vizuri mara ya kwanza na vibaya mara ya pili, mhariri anachukua kilio cha kwanza. Mazungumzo ya watu wawili hupigwa upande wa huyu, kisha upande wa yule, halafu yanashonwa mezani. Huo ni ufundi mkubwa na siudharau; bila wahariri hakuna sinema. Lakini mkasi ni kichaka pia. Ngumi isiyofika hufichwa humo, na mwigizaji asiyejua anachokifanya hufichwa humo humo.

Sisi tuliolelewa na vibanda umiza, yale mabanda ya video ya mitaani, tulilijua jambo hilo kabla hatujajua jina la mwongozaji yeyote. Tulimjua steringi, yaani shujaa wa filamu, tulimjua adui, na tulijua ngumi ya kweli na ngumi ya uongo. Ndiyo maana Tony Jaa, mwigizaji wa filamu za mapigano kutoka Thailand, alipotua mitaani kwetu hakuhitaji kutambulishwa. Katika Tom Yum Goong ya mwaka 2005, iliyoongozwa na Prachya Pinkaew, kuna shoti ya takriban dakika 4 ambamo Jaa anapanda ngazi za mgahawa wa ghorofa kadhaa. Kila ghorofa wanamngoja watu, na kila aliyemngoja anaishia sakafuni, juu ya meza, au anarushwa chini kutoka juu. Kamera inamfuata mgongoni kama mdogo wake, na haikati. Ilibidi warudie mara kadhaa, na kila wakirudia ilibidi mafundi watengeneze upya milango, meza na vyombo vilivyovunjwa. Ukiangalia kwa makini utaona kwamba kadiri anavyopanda ndivyo mateke yake yanavyopoteza ule wepesi wa chini. Hakuna mwigizaji anayeweza kuigiza uchovu wa namna ile. Amechoka kweli, kwa sababu amepigana ngazi zote zile kweli.

Kabla yake, John Woo wa Hong Kong alifanya maajabu yake katika Hard Boiled ya mwaka 1992. Chow Yun-fat na Tony Leung wanapita korido ya hospitali wakifyatua risasi, wanaingia kwenye lifti, wanabadilishana maneno, mlango unafunguka, wanatokea ghorofa nyingine na vita inaendelea. Shoti moja, karibu dakika 3. Siri yake ni kwamba lifti haikwenda popote. Katika zile sekunde chache ambazo mlango ulikuwa umefungwa, mafundi walikuwa nje wakiibadilisha korido ile ile ionekane ghorofa nyingine. Mtazamaji anaona watu wawili wamesimama wakipumua. Nyuma ya mlango, jeshi zima la mafundi linakimbia.

Hamu hii ya kutokata ni ya zamani. Alfred Hitchcock aliitengeneza filamu ya Rope mwaka 1948, enzi ambazo kamera ilibeba mkanda wa dakika 10 tu. Mara kadhaa mkanda ulipokaribia kuisha alisogeza kamera hadi kwenye mgongo wa koti la mwigizaji, picha ikawa giza, akabadilisha mkanda na kuendelea. Kuta za nyumba aliyoijenga studioni zilisogezwa ili kamera ipite, na samani ziliondolewa na kurudishwa kimyakimya huku waigizaji wakiendelea kuzungumza. Zaidi ya miaka 50 baadaye, kamera za kidijitali zilipoondoa kikwazo cha mkanda, Mrusi Alexander Sokurov aliingia katika jumba la makumbusho la Hermitage, St Petersburg, tarehe 23 Desemba 2001. Alipiga Russian Ark nzima, dakika 96, kwa shoti moja. Mpiga picha wake, Mjerumani Tilman Büttner, aliibeba kamera mwilini akipita vyumba 33 vyenye mamia ya waigizaji na wanamuziki. Majaribio matatu ya kwanza yalikatika mapema. Mwanga wa mchana wa Desemba ni mfupi kule kaskazini, na betri nazo zilikuwa zinakwisha. La nne lilifika mwisho.

Barantini anatoka katika ukoo huo, ila hakwenda kwenye majumba ya wafalme. Boiling Point ya mwaka 2021 inafanyika katika mgahawa mmoja wa London, usiku mmoja, na Stephen Graham ndiye mpishi mkuu ambaye maisha yanamwagika mikononi mwake. Walipanga kuirekodi mara 8. Ilikuwa Machi 2020, korona ikabisha hodi, wakaweza kurekodi mara 4 tu. Filamu tunayoitazama ni ya mara ya tatu. Nilipoiona nilidhani mtu huyu amefika kileleni, kwamba hana pa kupanda tena.

Kumbe alikuwa anafanya mazoezi. Kwa Adolescence, iliyoandikwa na Jack Thorne pamoja na huyo huyo Graham, kila sehemu ilipewa wiki 3. Wiki ya kwanza ilikuwa ya waigizaji kujua maneno na nyendo zao. Wiki ya pili walikuja mafundi wa kamera, taa na sauti, na kila hatua ikapimwa. Wiki ya tatu walirekodi, kwa mpango wa mara 2 kwa siku, siku 5, ingawa jaribio lililokatika lilianzishwa upya na hesabu ikapanda. Sehemu ya kwanza tunayoiona ni ya kurekodi mara ya 2. Ya pili ni ya mara ya 13. Ya tatu, mara ya 11. Ya nne, mara ya 16. Tarakimu hizi zinanifundisha kuliko mahojiano yoyote. Kurekodi mara ya 13 maana yake ni kwamba mara 12 watu wazima na mamia ya watoto wa shule walitoa jasho lao, na mwongozaji akasema asanteni, turudi mwanzo.

Mchezaji wa bao akishashika kete mkononi, hesabu ya mashimo lazima iwe imekamilika kichwani. Hakuna kurudisha kete. Ndivyo anavyofanya kazi mwongozaji asiyekata. Maamuzi ambayo wengine wanayaacha kwa mhariri, yeye anayamaliza kabla. Tumtazame nani wakati polisi wanavunja mlango alfajiri? Tukae na mtoto ndani ya gari la polisi, au tumfuate baba yake? Katika sehemu ya kwanza tunakaa na mtoto. Safari kutoka nyumbani hadi kituoni tunaisafiri yote, dakika kwa dakika, na kwa kuwa haikatwi ilibidi kituo kijengwe studioni karibu na nyumba yenyewe. Hata umbali wa barabara uliingia kwenye uandishi.

Mpiga picha mkuu, Matthew Lewis, alitumia kamera nyepesi ambayo mafundi waliweza kupokezana mikononi. Mmoja anaibeba hadi mlangoni, mwingine anaipokea ndani ya gari. Katika sehemu ya pili mvulana anaruka dirisha la darasa akimkimbia askari, na kamera inaruka naye. Dirisha lile halikuwa na kioo; kioo kiliongezwa baadaye kwa kompyuta. Mwishoni mwa sehemu hiyo hiyo kamera inafungwa kwenye droni, inapaa juu ya mji, inavuka paa za nyumba, halafu inashuka pale msichana alipouawa na kusimama mbele ya uso wa baba yake Jamie aliyeleta maua. Upepo uliwasumbua sana. Ni shoti ambayo kila mtu ameizungumzia.

Kwangu mimi siyo ninayoipenda kuliko zote. Droni inastaajabisha, na ukistaajabu unakumbuka kwamba kuna mtu anaongoza. Narudi kwenye meza na viti viwili.

Owen Cooper, aliyecheza Jamie, hakuwahi kuigiza mbele ya kamera kabla ya kazi hii, na sehemu ya tatu ndiyo iliyopigwa mwanzo. Mtoto wa miaka 14, siku zake za kwanza kazini, amekabidhiwa karibu saa nzima bila pa kujificha, mbele ya Erin Doherty, mwigizaji aliyebobea. Katikati ya mazungumzo Cooper akapiga mwayo. Haukuwa kwenye skripti; alichoka kweli. Doherty, bila kutoka katika uhusika wa Briony, akamuuliza kama anamchosha. Mwongozaji mwingine angepiga kelele warudie. Barantini aliuacha mwayo upite, na ndani ya hadithi ukageuka kitu kingine: dharau ya mvulana anayempima mwanamke aliye mbele yake.

Kisha tazama kinachofuata. Jamie anacheka, anatania, halafu ghafla anasimama na kumfokea, kikombe kinaruka. Briony anatoka nje ya chumba. Katika filamu iliyokatwa tungeruka hadi wakati anaporudi. Hapa tunatoka naye. Tunamwona akitafuta pumzi koridoni, akijikusanya, akilazimika kuonyesha uso wa kazi mbele ya mlinzi, kisha akirudi. Tunajua anachokirudia, kwa sababu sisi pia tulikuwa humo na hatukupewa nafasi ya kupumzika. Mwishoni, mtoto akishaondolewa akipiga kelele za kutaka kujua kama anapendwa, Briony anabaki peke yake na ile sandwichi. Anaigusa, mkono unarudi haraka. Kitendo cha sekunde moja, na kina uzito kwa sababu sandwichi ile tumekaa nayo tangu ilipowekwa mezani.

Tena angalia jinsi ufundi huu unavyotunyang'anya steringi. Kwa kuwa kamera haiwezi kukata na kwenda kwingine, inamfuata aliyepo: askari, muuguzi, mwalimu, mlinzi. Hatuambiwi mapema nani tumwamini. Cooper alishinda tuzo ya Emmy akiwa na miaka 15, na amestahili, lakini hata yeye hayupo kabisa katika sehemu nzima ya pili.

Wapo wanaosema shoti ndefu ni maringo ya waongozaji. Mara nyingine ni kweli. Mwezi ule ule wa Machi 2025 Apple TV+ ilileta The Studio ya Seth Rogen na Evan Goldberg, na sehemu yake ya pili inalicheka jambo hilo: bosi wa studio anafika lokesheni siku ya kupiga shoti moja ndefu wakati jua linazama, na kila anachogusa kinaharibu kazi. Nayo inaonekana imepigwa kwa shoti moja. Nilicheka sana, kisha nikairudia kuangalia walivyofanya.

Mwongozaji Ryan Coogler naye ananipa jibu zuri kwa hao wanaosema ni maringo. Katika Creed ya mwaka 2015 aliingiza kamera ulingoni na kulipiga pambano la raundi 2 bila kukata, kwa sababu bondia naye hana pa kukata. Katika Sinners ya mwaka 2025, inayotokea Mississippi mwaka 1932, kijana anaimba bluzi ukumbini na muziki wake unawaita waliotangulia na watakaokuja: wapiga ngoma wa Afrika, mpiga gitaa la umeme, DJ, wote wanacheza pamoja huku kamera ikipita katikati yao. Kamera za IMAX ni nzito na mkanda wake huisha haraka, kwa hiyo vipande viliunganishwa vionekane kimoja. Sioni udanganyifu hapo. Pale ulingoni Coogler alitaka tuchoke pamoja na bondia. Ukumbini alitaka tusione mpaka kati ya karne na karne. Kila shoti imejibu swali lake.

Kipimo changu, basi, ni hicho: kutokata kumemfanyia nini mtu aliye ndani ya picha? Kama jibu ni sifa ya mwongozaji pekee, afadhali akate. Kijana wa Bongo au Nairobi anayeota kupiga shoti kama hizi asianze kwa kutafuta hela ya droni. Atafute waigizaji wawili, meza, na mwenye chumba atakayekubali wafanye mazoezi wiki 2 kabla kamera haijawashwa. Filamu zetu nyingi huanguka kwa kukosa hizo wiki 2.