Sindano ya Kisigino

Kazi inaanza kwa dole gumba. Daktari ameketi kwenye kiti kifupi cha magurudumu, kisigino cha mgonjwa kikiwa karibu na kifua chake, na anabonyeza unyayo taratibu kutoka upande wa vidole kurudi nyuma. Anabonyeza, anasubiri, anasogea kidogo, anabonyeza tena. Mgonjwa ni mwalimu wa shule ya msingi jijini Dar es Salaam, mama mtu mzima ambaye kwa miaka mingi amefundisha akiwa amesimama juu ya sakafu ya saruji. Amelala ubavu, mguu unaouma ukiwa chini, ili upande wa ndani wa kisigino uelekee juu. Dole linapofika pale ukanda wa unyayo unaposhikana na mfupa wa kisigino, mguu unaruka wenyewe.

“Hapo, daktari. Hapo hapo.”

“Pole, mama. Ndipo nilipokuwa napatafuta.” Anachukua kalamu, anatia nukta moja kwenye ngozi.

Kabla ya dole yalitangulia maswali. Baada ya shikamoo na marahaba, daktari alitaka kujua maumivu huja saa ngapi. Mama akaeleza kwamba akishuka kitandani alfajiri, hatua za kwanza humtoa machozi. Akishatembea kidogo hupata nafuu, na jioni baada ya vipindi maumivu hurudi. Hiyo ndiyo sura ya ugonjwa huu wa ukanda wa unyayo. Aliulizwa kama ana kisukari, maana steroidi, dawa itakayochomwa kisiginoni, inaweza kupandisha sukari kwa siku kadhaa. Aliulizwa kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, na kama ana kidonda au uambukizo mguuni. Mwisho akaulizwa amekwisha kujaribu nini. Mazoezi ya kunyoosha unyayo na tafu, viatu vyenye soli laini, vidonge vya maumivu: vyote vimepita, na miezi imepita navyo. Jibu hilo ndilo lililoruhusu sindano, kwa sababu wagonjwa walio wengi hupona ndani ya mwaka mmoja bila kuchomwa.

Mama alikuja na picha ya eksirei inayoonyesha kimwiba cha mfupa chini ya kisigino. Ameambiwa na majirani kwamba hicho ndicho kinachomchoma. Daktari aliitazama picha kwenye mwanga, akaiweka mezani. Watu wengi wana kimwiba cha namna hiyo na hawaumwi kabisa. Yeye anautafuta ukanda wenyewe.

Kwa hiyo inaletwa mashine ya altrasaundi. Daktari anapaka jeli kwenye kichwa cha mashine na kukilaza juu ya unyayo, kikifuata urefu wa mguu. Kwenye kioo mfupa unatokea kama mstari mweupe mkali, na chini yake giza tupu, kwa kuwa mawimbi ya sauti hayapiti mfupa. Juu ya mstari huo, karibu zaidi na ngozi, umelala ukanda. Ukiwa mzima huonekana umepangwa nyuzi kwa nyuzi, na unene wake kwa kawaida hauzidi milimita 4. Huu umevimba, nyuzi zimefifia, rangi imekuwa ya kijivu cheusi. Daktari anaweka alama mbili kwenye kioo na mashine inasoma: milimita 6. Hasemi neno. Anaukagua mguu wa pili pia, ule usiouma, apate cha kulinganisha.

Kisha anakizungusha kichwa cha mashine robo mduara, kikate unyayo kwa upana. Sababu ya kugeuza ni njia atakayopita. Kumchoma mtu moja kwa moja chini ya unyayo kunauma sana, na sindano ingelazimika kupasua mto wa mafuta unaobeba uzito wa mwili kila hatua. Dawa ya steroidi ikimwagika humo inaweza kuyakondesha mafuta hayo, na mgonjwa akabaki akikanyagia mfupa. Ndiyo maana ataingilia ubavuni, upande wa ndani, ambako ngozi ni laini. Anawasha rangi kwenye mashine, mishipa ya damu inameta nyekundu na buluu, naye anaichunguza njia mpaka aone iko wazi.

Sasa anakwenda kwenye trei. Anavaa glovu safi, anasugua ngozi kwa dawa ya kuua vijidudu kuanzia kwenye nukta kwenda nje kwa duara, na anaiacha ikauke yenyewe. Haipepei, haipulizi. Bomba la kwanza lina maji maangavu ya ganzi, lignokaini. La pili litabeba steroidi. Kichupa chake kina unga mweupe uliotuama chini, naye anakitikisa mpaka yote yawe rangi ya maziwa. Dawa za jamii hii zina historia fupi. Mwaka 1948, katika Mayo Clinic nchini Marekani, Philip Hench na wenzake walimpa mgonjwa wa baridi yabisi kotizoni kwa mara ya kwanza. Mwaka 1950 Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yao juu ya kotizoni na homoni za jamii yake, na mwaka 1951 Joseph Hollander wa Philadelphia alichapisha taarifa za kuchoma dawa ya jamii hiyo moja kwa moja ndani ya viungo vinavyouma.

Ganzi inatangulia. Kidogo chini ya ngozi, kisha kidogo zaidi ndani. Daktari anaitoa sindano, anaketi wima, anaulizia matokeo ya darasa la saba. Mama anaanza kueleza. Dakika zinakwenda bila mtu kuzihesabu. Baadaye daktari anaigusa ngozi kwa ncha butu. “Unasikia, mama?” “Nasikia unagusa tu, haiumi.” Ndipo anaposhika bomba la pili.

Sindano inaingia ikiwa sambamba na kichwa cha mashine, na kwenye kioo inaonekana yote, mstari mwembamba unaong’aa ukisogea kutoka pembeni. Mkono wa kushoto unashikilia mashine bila kutikisika, wa kulia unasukuma kwa vipimo vidogo, macho yako kwenye kioo. Ncha ikipotea kidogo, mkono wa kulia unasimama. Anakiinamisha kichwa cha mashine mpaka ncha irudi, ndipo anaendelea. Anapofika pembezoni mwa ukanda, upande ulio mbali na mafuta, anavuta bomba nyuma kuona kama damu itakuja. Haiji. Anasukuma. Bomba linagoma.

Mtu mwenye pupa angekaza dole. Ugumu huo unamwambia kwamba ncha imezama ndani ya nyuzi, na kuisukumia dawa humo kunaweza kuudhoofisha ukanda hadi ukakatika. Anarudi nyuma chini ya milimita moja, anajaribu tena, na dawa inapita kwa ulaini, ikitandaa kwenye kioo kandokando ya ukanda. Mililita moja tu. Anachomoa, anabana kwa shashi, anabandika plasta, na sindano inakwenda moja kwa moja kwenye kisanduku chake.

Mama anataka kushuka atembee. Daktari anamshika bega. Leo ganzi itamdanganya kwamba amepona. Kesho maumivu yanaweza kurudi, hata kuzidi, kabla steroidi haijaanza kazi. Asikimbie wala kubeba mizigo mizito kwa wiki mbili, na mazoezi ya kunyoosha yaendelee. Hamwahidi zaidi ya hapo. Utafiti wa Australia uliochapishwa katika jarida la BMJ mwaka 2012, wenye wagonjwa 82, ulikuta kwamba waliochomwa steroidi kwa kuongozwa na altrasaundi walikuwa na nafuu kubwa zaidi ya maumivu wiki ya 4 kuliko waliochomwa maji ya chumvi. Kufikia wiki ya 8 na ya 12 tofauti ya maumivu haikuwa kubwa tena. Sindano inanunua muda, na mazoezi ndiyo yanayoutumia muda huo.

Nawe msomaji, kama kisigino chako kinakulaki kwa maumivu kila alfajiri, anza na kunyoosha unyayo na tafu, na uvipe nafasi viatu laini. Ukifika kwenye sindano, muulize anayekuchoma atapita wapi, ataionaje ncha, na mara ngapi kwa mwaka anakubali kurudia. Fundi mzuri wa kazi hii hachukizwi na maswali. Na asiyetaka kuulizwa, usimpe kisigino chako.