Sinema ya Chebeya: siri ya polisi ni ya nani?

Jumapili moja jioni, huko Kasungami, katika komini Annexe ya Lubumbashi, tulitazama sinema pamoja na wakatekista na vijana wachache. Jina lake kwa Kifaransa ni L'Affaire Chebeya, un crime d'État? Maana yake: Jambo la Chebeya, je, ni uuaji uliotendwa na serikali? Aliyeitengeneza, mwaka 2012, ni Thierry Michel, Mbelgiji, yule yule aliyetoa zamani Mobutu, roi du Zaïre (1999) na Katanga Business (2009). Mwezi wa Julai 2012 alifika Kinshasa kwa kuonyesha kazi hiyo mpya. Akarudishwa Ulaya, na sinema ikakatazwa nchini.

Tunaandika juu yake leo, miaka mingi baadaye, kwa sababu ya neno lililosemwa taa zilipowashwa tena. Katekista mmoja mzee alisema: «Wanangu, miye naogopa mwizi wa usiku. Lakini sasa naogopa tena yule anayekuja kumfukuza mwizi. Polisi akisema yote, mwizi atasikia. Polisi akificha yote, nani atajua nimepelekwa wapi?» Hatukuwa na jibu tayari. Tujaribu kulitafuta hapa.

Hadithi yenyewe

Tarehe 1 Juni 2010 Floribert Chebeya, mkubwa wa chama Voix des Sans-Voix, yaani Sauti ya wasio na sauti, alikwenda kwenye makao makuu ya polisi, Kinshasa. Alitazamia kupokewa na Jenerali John Numbi, aliyekuwa mkubwa wa polisi yote wakati ule. Motokari yake iliendeshwa na Fidèle Bazana. Kesho yake maiti ya Chebeya ilikutwa ndani ya motokari ile, pembeni ya mji. Bazana hakuonekana tena.

Jenerali Numbi alisimamishwa kazi siku chache baadaye. Mbele ya tribinali ya kiaskari alisikilizwa kama shahidi, si kama mshitakiwa, naye alikana kwamba alikuwa na miadi na marehemu. Polisi wanane walishitakiwa, na watatu kati yao walikuwa wamekimbia. Tarehe 23 Juni 2011 wanne walihukumiwa kufa. Mmoja wao tu, Kolonele Daniel Mukalay, alikuwapo kuisikia hukumu. Wa tano alipewa kifungo cha maisha, watatu wakaachiliwa.

Mazuri ya sinema

Thierry Michel aliifuata kesi hiyo, iliyosikilizwa katika gereza la Makala. Uzuri wa kazi yake ni uvumilivu. Anatuketisha mbele ya tribinali pamoja na wajane na maavoka, na anatuacha tusikilize wenyewe. Hapo tunaona jambo ambalo magazeti hayakutuonyesha vizuri: maswali yenyewe yalikuwa madogo sana. Je, mtu huyu aliingia mlangoni? Saa ngapi? Nani alimpokea? Alitoka na nani? Nani alimpigia nani simu usiku ule?

Tuyapime maswali hayo. Hakuna hata moja ambalo jibu lake lingemsaidia mwizi au kumhatirisha polisi kazini. Mlinzi wa mlango wa seminari yetu anaweza kuyajibu akifungua daftari lake. Lakini ilihitajika miezi mingi ya kesi, na bado majibu yalitoka vipande vipande. Sinema inatufundisha hivi: mara nyingi kinachofichwa kwa jina la usalama si mpango wa vita, bali ukurasa mmoja wa daftari.

Kasoro zake

Lakini hatuwezi kuisifu bila kuchagua. Kasoro ya kwanza ni kwamba inatazama upande mmoja wa mlango. Anayeiona anatoka akiwaza kwamba kila neno ambalo polisi hasemi ni uovu. Sivyo. Na sisi wa Kasungami tunajua kwa nini.

Mtu mmoja wa kwetu, baba wa familia, alikwenda kituo kimoja cha polisi kueleza ni lupango gani wezi wenye silaha walikuwa wanalala mchana. Alifanya vema. Wezi wakakamatwa, na mbele yao askari mmoja akalitaja jina la aliyewaleta polisi. Juma lile lile baba huyo alihamisha mke na watoto. Tangu siku ile, katika barabara yetu, anayejua kitu ananyamaza.

Hiyo ilikuwa siri ya kweli, na hakuna aliyeilinda. Hapo ndipo tunaona ugonjwa wenyewe. Polisi wetu hawana siri nyingi mno, wala hawana siri chache mno. Siri zao zimegeuzwa juu chini: jina la shahidi, linalopasa kufichwa, linatangazwa uani, jina la mfungwa, linalopasa kujulikana kwa jamaa zake, linafichwa. Sinema inaonyesha vizuri nusu ya pili ya ugonjwa huo. Nusu ya kwanza haiigusi.

Kasoro ya pili si kosa la mtengenezaji: ni kwamba hadithi haikukoma mwaka 2012. Septemba 2015 tribinali ya juu ilimpunguzia Mukalay adhabu kuwa miaka 15. Mwaka 2020 Christian Ngoy Kenga Kenga, mmoja wa wale waliohukumiwa bila kuwapo, alikamatwa hapa hapa Lubumbashi. Mwaka 2021 polisi wengine waliokimbia nchi walieleza kwa redio RFI namna watu wale wawili walivyouawa. Mwezi wa Mei 2022 Kenga Kenga alihukumiwa tena kufa, safari hii yeye mwenyewe akiwapo. Anayeonyesha sinema hii leo lazima awaeleze watu hayo, wasidhani kwamba ukweli ulifungwa pamoja na picha ya mwisho.

Kipimo cha siri

Sasa tumjibu yule katekista. Tunapendekeza maswali matatu.

La kwanza: siri hii ni ya nani? Mapadri wanaelewa jambo hili kuliko wengine. Siri ya kitubio inamlinda anayetubu. Padri hawezi kuitumia kufunika kosa lake mwenyewe. Vivyo hivyo siri ya polisi ni kwa ajili ya shahidi, kwa ajili ya askari anayekwenda kukamata watu wenye bunduki, kwa ajili ya raia watakaoibiwa. Ikianza kumlinda polisi asiulizwe juu ya matendo yake, imekwisha kuwa kitu kingine.

La pili: siri hii inakwisha lini? Njia ya doria ya usiku huu isitangazwe leo. Lakini kazi ikiisha, hesabu yake itolewe. Jina la shahidi litunzwe muda wote ambao hatari ingalipo. Jina la mtu aliyekamatwa halina hata siku moja ya kungoja: sharti la 18 la Katiba ya 2006 linampa haki ya kuonana mara moja na jamaa zake au avoka wake, na haliruhusu polisi kumshika kupita saa 48. Sharti la 24 linampa kila mtu haki ya kupata habari.

La tatu: imefichwa mbele ya nani? Yanayofaa kufichwa sokoni hayafichwi kwa mwamuzi. Pasipo mtu hata mmoja wa nje anayeruhusiwa kufungua daftari, hatuwezi tena kusema kwamba siri inalindwa, ukweli umezikwa.

Wengine watasema kwamba kunyamaza kunaleta amani. Wazee wa Lubumbashi wanakumbuka usiku wa 11 Mei 1990, wanafunzi waliposhambuliwa katika universite yetu. Serikali ilikubali kifo cha mtu mmoja. Watu wakataja makumi na zaidi. Hesabu inabishaniwa hata leo. Ukimya ule haukuleta amani: uliacha jeraha wazi, na kila mtu akaweka ndani yake hesabu aliyoitaka.

Basi tunawashauri wenzetu: ionyesheni sinema hii, lakini msiwaache watu waende nyumbani bila mazungumzo. Ongezeni habari za baada ya 2012. Ongezeni pia kisa cha yule baba wa Kasungami. Kijana anayetaka kuingia polisi, nao tunao parokiani, ajifunze yote mawili pamoja: kufunga kinywa juu ya aliyemwamini, na kufungua daftari mbele ya anayemtafuta ndugu yake.

Na tusimsahau Fidèle Bazana. Hakuwa mtu wa hotuba. Aliendesha motokari mpaka kwenye makao ya polisi. Hata hukumu ya mwaka 2022 ilipotolewa, jamaa zake walikuwa bado hawajapewa maiti ya kuzika. Hakuna kazi ya polisi duniani inayohitaji siri ya namna hiyo.