Nani Aliidhinisha Ule Ukuta wa Triplex?

Hoteli ninayoizungumzia mnaijua, kwa hiyo sitaitaja. Si Grands Lacs. Niwaondoe wasiwasi mapema. Iko katikati ya mji, ilijengwa wakati wa Wabelgiji, na mtu wa Goma ama amelala humo, ama amekula harusi humo, ama ana shemeji aliyewahi kukaa pale mapokezi. Wageni wake hawajawahi kukubaliana. Mmoja atakuambia hajapata usingizi mtamu kama ule tangu atoke kwao. Mwingine, aliyelala usiku huohuo na kutoa dola zilezile, atakuapia kwamba hatatia tena mguu. Watu wanasema ni tabia: huyu mvumilivu, yule mlalamishi. Hapana. Wote wawili wanasema kweli, na kinachowatenganisha ni ukuta mmoja wa triplex (plywood) ambao haukupaswa kusimama.

Kitazameni kwanza chumba jinsi kilivyokuwa. Kuta ni za mawe meusi ya volkano, nene kiasi kwamba mtu mzima anakaa kwenye ukingo wa dirisha na bado ana pa kuweka kikombe. Dari liko juu. Upande wa kushoto kuna dirisha pana linalofungukia varanda. Upande wa kulia, juu ya mlango wa koridoo, kuna matundu ya hewa. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hatuna haja ya kiyoyozi, tunachohitaji ni hewa ipite. Mchana upepo unatoka Ziwa Kivu, usiku unashuka kutoka milimani, na aliyechora kile chumba alilijua hilo: hewa iingilie dirishani, itokee juu ya mlango. Varanda inazuia mvua, mawe yanatunza joto la mchana hadi usiku wa manane. Hakuna mashine hata moja hapo, na kazi inafanyika.

Ikaja Januari 17, 2002. Lava ya volkano ya Nyiragongo ikapita katikati ya mji hadi ziwani, mahali pengine ikiwa na kimo cha mita mbili, na nyuma yake yakamiminika mashirika ya misaada, yaani ONG. Kitanda chochote kilipata mtu. Ndipo mwenye hoteli, au meneja wake, au mpwa wake aliyerudi na diploma (kila mtu pale anamtaja mwenzake), akapiga hesabu ya haraka: chumba kimoja ukikikata ni vyumba viwili.

Tuuangalie huo mkato, maana kosa lote limo humo. Ukuta ulisimamishwa katikati, ukaenda moja kwa moja kutoka upande hadi upande. Nusu ya kushoto ikabaki na dirisha, varanda na bafu la zamani. Nusu ya kulia ikabaki na mlango wa zamani na matundu yake, basi. Mwaona kilichotokea? Hewa inaingilia kwa jirani mmoja na inapaswa kutokea kwa jirani mwingine. Aliyelala kushoto anafungua dirisha na hewa inasimama palepale, haina pa kwendea. Aliyelala kulia ana tundu la kutolea hewa asiyoipata. Nusu ya kushoto ilibidi itobolewe mlango mpya ukutani, katika mawe yale, na nyundo zake zilisikika mtaa mzima.

Halafu kuna urefu. Karatasi ya triplex inayouzwa madukani ina mita 2.44. Dari la Mbelgiji liko juu zaidi ya hapo. Fundi mwenye akili angeongeza kipande, angeweka fremu, angejaza kitu cha kuzuia sauti katikati ya karatasi mbili. Huyu alisimamisha karatasi, akafika mwisho wake, akashuka ngazi. Sehemu iliyobaki juu walifunika kwa kitambaa cha pazia. Kwa hiyo koroma ya kulia inalala kushoto, na simu ya kushoto inapokelewa kulia. Na taa! Balbu ya zamani ilikuwa katikati ya dari, na hapo ndipo ukuta ulipopita. Balbu moja, vyumba viwili, swichi moja, nayo iko karibu na mlango wa kulia. Nimemsikia kwa masikio yangu mama mmoja mfanyabiashara wa Butembo akiuliza kupitia pazia: "Papa wa upande wa pili, utatuzimia saa ngapi?" Papa akajibu kwa heshima zote kwamba bado ana ripoti ya kumaliza.

Triplex na mimi tuna ugomvi wa siku nyingi, wasomaji wa zamani wanajua. Lakini hata triplex ningeisamehe. Nisichosamehe ni kilichofuata pale mapokezi: nusu zote mbili zikaandikwa "chumba cha kawaida", zikapewa bei moja. Hapo uamuzi mbovu wa useremala ukageuka kuwa uamuzi mbovu wa biashara. Ungeziita kwa majina mawili, ukapunguza bei ya kulia, ukamwambia mgeni kabla hajatoa pesa kwamba bafu ni la koridoo na maji ya kuoga asubuhi yanakuja kwa ndoo, nusu ya malalamiko yasingezaliwa. Vijana waliokuwa wakija kupanda Nyiragongo wangeichukua kwa furaha, wao hawakuwa wa kukaa chumbani. Badala yake ni bahati nasibu. Ukiuliza unajibiwa: "Papa, utuvumilie tu, ile ingine imechukuliwa na ONG." Kwa mwezi mzima, bila shaka. Hilo nalo nimeshaliandika na nitaliandika tena: ONG inayolipia mwezi inapewa dirisha, mwana wa nchi anayelipia usiku mmoja anapewa swichi.

Niseme jambo ambalo wageni wa mbali hawalijui. Huu ni mji uliofundishwa kuiogopa hewa isiyotembea. Mazuku, ile gesi nzito ya volkano inayojikusanya mabondeni upande wa magharibi wa mji, imeua watu na mifugo, na hakuna mtoto wa Goma asiyejua kwamba mahali pa chini ambapo hewa haipiti hapalalwi. Katikati ya mji mazuku si tatizo, sitaki kumtisha mtu. Ila jenereta zipo, mabrazero ya makaa yapo, na gesi yake ya kuua haina rangi. Kuziba njia ya hewa katika mji wa namna hii, kwa ajili ya kitanda kimoja zaidi, ni ujinga wa kiwango cha juu.

Wengine walifanyaje? Nairobi, hoteli ya Stanley, iliyoanzishwa na Mayence Bent mwaka 1902, ilipofungua mkahawa wa Thorn Tree mwaka 1959 iliweka mgunga katikati ya meza. Nafasi ya meza ngapi ililiwa na ule mti? Nyingi, na katikati ya jiji kila meza ni pesa. Wasafiri wakabandika ujumbe kwenye shina, mkahawa ukajulikana duniani. Mti uliopo sasa ni wa tatu, ulipandwa 1998; wenye hoteli waliendelea kuupa nafasi. Huko ndiko kujua unachouza.

Na jirani zetu wa Kigali. Hoteli ya Mille Collines ilifunguliwa 1973, na mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, zaidi ya watu 1,200 walijificha humo. Sifa ambazo filamu ya 2004 ilimpa Paul Rusesabagina, meneja wake wa wakati huo, zinabishaniwa na baadhi ya manusura wenyewe, nami sitaingia humo. Ninachotazama ni kazi: maji ya bomba yalikatika, maji ya bwawa la kuogelea yakawa ya kunywa, yakagawanywa kwa kipimo. Laini moja ya faksi haikukatika, nayo ikatumika kupiga simu nje. Katika msongamano ule watu walijaa hadi koridoo, lakini hata maji ya bwawa yaligawanywa. Sisi tumeshindwa kugawa balbu.

Grands Lacs yenyewe, ile ya mwaka 1994 wakimbizi walipovuka kutoka Rwanda na waandishi wa habari wa dunia nzima wakatafuta pa kulala Goma, haikuwa na starehe za kujivunia. Waliolala humo wanakumbuka uchovu wa jengo, lakini chumba kilikuwa chumba.

Haki itendeke: sambaza, vile visamaki vya ziwani, za jikoni mwa hoteli yetu hazina mpinzani, mashuka ni safi, tangi jipya la maji ni kazi nzuri.

Utetezi wa menejimenti naujua. Waasi wa M23 walipouteka mji mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifungwa, uwanja wa ndege ukafungwa, mgeni akawa anaingilia Grande Barrière, mpakani na Rwanda, na pesa mfukoni. Huu si wakati wa ukarabati. Mimi naona kinyume. Mgeni aliyepita vizuizi vyote hivyo, anayelipa taslimu, ndiye wa kwanza anayestahili kujua ananunua nini. Kubadilisha orodha ya bei hakuhitaji benki. Kuvuta waya na kufunga balbu ya pili ni kazi ya asubuhi moja ya fundi umeme wa mtaa wa Birere. Na kung'oa triplex hakuhitaji hata fundi. Mawe yamekaa pale tangu ukoloni, yakapita 2002, yakapita Mei 2021 volkano ilipolipuka tena na sehemu ya mji ikahamishwa. Hayatadhurika na misumari kutolewa. Mkishaing'oa, tafadhali, msipake rangi ya mafuta juu ya mawe, maana najua mtashawishika.

Wewe msafiri, mpaka hapo watakapoing'oa, usitoe pesa kabla ya kupanda kuona chumba. Gonga ukuta kwa kidole: jiwe halilii, triplex inalia. Kisha uliza swichi ya taa iko wapi.