Risasi za Manza: karakana ya Moshi ilivyozifufua

Jeshi la van Deventer, jenerali wa upande wa Waingereza, lilipoingia Kilosa Agosti 1916, kisha likashika njia ya kusini kuelekea Mikumi na Kidodi, Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma walikuwa wamepigana miaka miwili bila kiwanda cha risasi. Waliwezaje? Sehemu kubwa ya jibu iko kwenye karakana ya Moshi.

Aprili 1915 meli ya Rubens, iliyokuwa ikiwaletea Wajerumani silaha na kujifanya ya Denmark kwa jina la Kronborg, ilishambuliwa na manowari ya Kiingereza, Hyacinth, katika ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga. Nahodha akaizamisha kwenye maji mafupi. Wapiga mbizi wakaopoa bunduki na mamilioni ya risasi zilizolowa maji ya bahari. Siku zilivyopita, risasi hizo zikazidi kugoma.

Ganda la shaba na kichwa cha risasi havikuwa na shida. Unyevu na chumvi vilikuwa vinaharibu baruti na fataki. Basi huko Moshi risasi ziligongwa zikafunguliwa, baruti ikasafishwa, na baadhi ya fataki zikabadilishwa. Kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, aliandika baadaye kwamba kazi hiyo iliendelea kwa miezi, tangu asubuhi hadi usiku.

Mimi naona ufundi wenyewe ulikuwa katika kuzipanga. Hawakuhangaika kuifanya kila risasi iwe kamili. Akiba ya zamani ambayo haikuguswa na maji ilitengwa kwa ajili ya bombomu. Za Manza zilizogoma kwa kiasi cha asilimia 20 zilipelekwa vitani, na zilizozidi hapo zikabaki za mazoezi ya shabaha. Mgawanyo huo una sababu. Bombomu ya Maxim hujiendesha kwa msukumo wa risasi inayolipuka. Moja ikigoma, mtambo unanyamaza mpaka mpigaji aukoki upya kwa mkono. Mwenye bunduki ya kawaida hukoki kila mara hata risasi zikiwa nzima, kwa hiyo iliyogoma humpotezea muda mfupi tu.

Hata hivyo, muda huo mfupi ulitosha kumuua askari aliyekabiliana na adui hatua chache porini. Hesabu iliyookoa bombomu ilimbebesha yeye hatari, na hilo halina budi kusemwa.

Nafuu ilipatikana Machi 1916, meli ya Marie ilipofika Sudi, karibu na Lindi, na shehena yake ikashushwa salama, ikiwa imefungwa tayari katika mizigo ya kubebwa na wapagazi.