Kutuliza si Kunyamazisha: Sauti, Mitambo na Tiba katika Hospitali ya Panzi

Kitenzi "kutuliza" kina sura mbili. Mama humtuliza mtoto kwa kumbembeleza. Askari hutuliza ghasia kwa kuwatawanya watu. Katika hali ya kwanza anayelia hufarijiwa, katika ya pili hunyamazishwa. Makala haya mafupi yanakusudia kuonyesha kwamba muziki wa mitambo unaotungwa kwa nia ya kutibu hauna budi kuhakikiwa kwa kipimo cha tofauti hiyo.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1978 Mwingereza Brian Eno alitoa albamu ya *Ambient 1: Music for Airports*, ambamo vipande vya sauti vilivyonaswa katika tepu za urefu mbalimbali hujirudia na kupishana. Lengo lilikuwa kumpa msafiri utulivu bila kumlazimisha asikilize. Ni kazi ya ustadi, lakini utulivu wake ni wa mtu asiyeulizwa neno. Kwa Bukavu, mji uliotekwa na majeshi ya waasi mwaka 1996, mwaka 2004 na tena Februari 2025, utulivu wa aina hiyo hautoshi.

Katika Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, njia nyingine ilichukuliwa. Mwaka 2015 shirika la Kikanada la Make Music Matter, likishirikiana na Wakfu wa Panzi, lilianzisha hapo mradi wa Healing in Harmony. Manusura wa ukatili wa kijinsia hukaa pamoja na mwanasaikolojia na mtayarishaji wa muziki, hutunga nyimbo, kisha huzirekodi studioni. Baadhi ya nyimbo hurushwa redioni au huimbwa mbele ya jamii. Washiriki huitwa wasanii. Jina hilo si pambo: anayetibiwa ndiye mtunzi, na mtambo humtumikia yeye.

Wahenga walinena: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ni methali ya hekima baina ya ndugu waliogombana. Lakini mbele ya aliyedhulumiwa huweza kugeuka kufuli la kinywa. Mradi wa Panzi unaipindua methali hiyo: yaliyopita ndiyo ndwele, na kuganga huanza kwa kuyataja. Wala jambo hili si geni kwetu. Katika lugha nyingi za Kibantu neno "ngoma" hubeba kwa pamoja maana ya ala, uchezaji na uganga. John Janzen, katika kitabu chake *Ngoma* cha mwaka 1992, alieleza jinsi mgonjwa anavyoimba wimbo wake mwenyewe huku wenzake wakiuitikia.

Hatari iliyopo ni ya mtambo wenyewe. Kompyuta huweza kunyoosha sauti iliyopinda, kufuta pumzi na kuondoa kigugumizi. Mtayarishaji akizidisha usafi huo, atatuliza kwa maana ile ya pili. Hapa kundi la Konono N°1 la Kinshasa, lililojulikana duniani kwa albamu ya *Congotronics* ya mwaka 2004, linatupa funzo, ijapokuwa halikudai kutibu. Mwasisi wake, Mingiedi Mawangu, aliziunganisha likembe na vikuza sauti vilivyoundwa kwa vyuma chakavu, zikiwemo sumaku za vipuri vya magari, ili zisikike katika kelele za jiji. Mikwaruzo iliyotokea haikuonewa haya. Ikawa sehemu ya fani.

Kwa hiyo kipimo cha kweli cha muziki wa tiba hakipatikani katika ulaini wa rekodi. Kinapatikana pale msanii anaposimama mbele ya majirani zake, sauti ikakwama, na mtambo ukaiacha ikwame, mpaka wanaosikiliza wakaitikia. Utulivu unaokuja baada ya kusikilizwa ndio unaostahili kuitwa tiba.