Mkono Unaoijua Ndago

Mzee mmoja wa mtaani kwetu Ngamiani, Tanga, hapalilii bustani yake akiwa amesimama. Jioni huwa amelimwagia tuta maji kiasi, udongo uachie bila kugeuka tope. Asubuhi, jua likiwa bado chini, huchutama pembeni mwa bamia zake na muo mkononi, mti mgumu uliochongwa ncha, uliolainika kwa kushikwa miaka mingi. Jembe analo, limeegemea ukuta. Kwa gugu la ndago halitumii.

Huanza kwa kuligusa jani bila kulivuta. Vidole hushuka nalo hadi linapoingia ardhini, muo nao huzama ubavuni taratibu, ukiinua udongo badala ya kuukata. Kiazi cha kwanza kikionekana, kidogo, cheusi, chenye vinyweleo, hakikimbilii. Anatafuta uzi. Kila kiazi cha ndago kimeungwa na mwenzake kwa mzizi mwembamba mgumu unaotambaa chini kwa chini, na huyo mwenzake na mwingine, mpaka katikati ya njia au chini ya mchicha wa jirani. Mzee huufuata uzi huo kwa ncha ya kidole cha shahada, macho mara nyingi yakitazama kwingine, uso umetulia kabisa. Uzi ukikatika husimamisha kazi. Hurudi nyuma, hupapasa, hunusa hata vidole vyake, kwa kuwa kiazi cha ndago kikichubuliwa hutoa harufu kali ya manukato inayokaa mkononi hadi mchana. Nimekaa naye asubuhi nyingi na sijamwona akiacha kiazi kwa sababu tu kimejificha.

Siku moja kijana wa nyumba ya pili alipita akijisifu kwamba kwao wamemaliza ndago zote kwa jembe kwa saa moja. Alimwamkia, mzee akaitikia marahaba, kisha akasema kwa upole, "Umezinyoa tu, mjukuu wangu. Ngoja ndevu."

Na ndivyo ilivyo. Ndago ikiwa nzima, chipukizi la juu huwatuliza wenzake waliolala chini. Jembe likipita na kuukatakata ule mnyororo, kila kipande hujiona kiko peke yake na huamka. Mtu aliyekuwa na shina moja hujikuta na kundi, akailaumu mvua. Katika kitabu kilichotoka mwaka 1977 kuhusu magugu mabaya ya dunia, wataalamu waliiweka ndago ya kwanza kabisa, juu ya mengine yote. Bibi zetu wa pwani walikwisha kulijua hilo kwa migongo yao.

Ujuzi wa mzee haukuanzia bustanini. Alikuja Tanga kijana mbichi kutoka Kigoma akiwa manamba, kibarua wa mkataba, enzi mkonge ukiwa ndio uhai wa mkoa huu. Mmea wenyewe uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo michache yalizaliwa mashamba yasiyoonekana mwisho, na watu kutoka mbali wakaletwa kuyakata na kuyapalilia, siku zao za kazi zikihesabiwa kwenye kadi ya kipande. Historia ya mkonge huandikwa kwa tani na bei. Mikono iliyopita kati ya mistari ya mashamba hayo ikisafisha majani, ikichomwa na miiba ya mkonge wenyewe, haina ukurasa wake. Mzee hapendi kuyasimulia hayo. Ukimuuliza, hukuonyesha jinsi ya kushika muo.

Akishakusanya viazi, havitupi jalani. Kuvitupa huko ni kuzihamisha tu ndago kutoka kwake kwenda kwa mwingine, na hilo analihesabu kuwa ni utovu wa ujirani mwema. Huvitandaza juu ya kipande cha bati, juani, vikauke siku kadhaa mpaka vikatike kwa kucha, ndipo huvichoma. Kiangazi kikali hufukua hata sehemu asizozipanda, ili jua lifanye kazi ambayo mkono hauwezi kuimaliza. Kisha palipokuwa na ndago hupanda matembele. Ndago haivumilii kivuli, na matembele yakishatandaa hayaiachii nafasi ya kuota jua. Nyumbani wanapata mboga, na adui anadhoofika.

Kuna jambo lingine ambalo naliona kubwa kuliko ndago. Mzee anapopalilia, huwa na kikapu pembeni. Humo huweka mchunga, ile mboga chungu ambayo Wabondei na Wasambaa hawahitaji kuelezwa utamu wake na nazi. Kwa asiyejua, mchunga ni gugu kama gugu jingine, na kweli mizizi yake inasumbua shambani. Lakini kwa mzee palizi na kuchuma mboga ni kazi moja. Anang'oa, anachagua, anaacha shina moja ukutani liendelee, na mchana jiko linanuka nazi.

Siku hizi anakuja kijana na bomba mgongoni, anapuliza dawa, anapokea hela yake, anaondoka. Siwezi kusema dawa haifanyi kitu. Hukausha majani, na nyingine hushuka hadi kwenye viazi. Ila vile vilivyolala, visivyo na jani la kuipokea, havipati hata tone, na mvua ya vuli ikinyesha bustani ni kijani tena. Mchunga umekufa, mlenda wa mwituni umekufa, bamia zimejikunja kwa upepo uliopeperusha dawa, na ndago ipo. Ubaya mwingine umeingia kwa mlango wa mbele: udongo wa bustani unaoletwa kwa gari na kumwagwa bila kuchekechwa, samadi mbichi iliyojaa mbegu. Watu wananunua magugu wakidhani wananunua rutuba.

Na si ndago peke yake. Huko Arusha wanahangaika na gugu karoti, lenye maua meupe madogo na majani ya kumfanya mtu adhani amepanda mwenyewe. Hilo ni mgeni kutoka Amerika, linawasha ngozi na kubana kifua, na shina moja hutoa maelfu ya mbegu. Linatakiwa kung'olewa na mzizi wake kabla ya kuchanua, mikono ikiwa imevikwa glavu. Kulitambua likiwa changa, kabla ya ua, ni kazi ya jicho lililozoea kutazama chini, na jicho hilo ndilo tunaloliacha lipotee.

Huku kwetu wengine wamechoka kabisa na palizi, wakaufunika uwanja wote kwa pevingi. Hakuna tuta, hakuna mrehani, hakuna mchaichai nyuma ya jiko, mchana joto linapanda kutoka chini kama la tanuri. Na bado ndago hupenya katikati ya maungio, nyembamba, imenyooka. Wenye nyumba huikata kwa kisu.

Mzee ana wajukuu watatu mjini humu. Wanampenda, wanamletea dawa za mgongo, wanamsihi apumzike. Hakuna aliyewahi kuchutama naye hadi uzi mmoja ukaisha. Mchunga wanaununua sokoni kwa fungu, umeshachambuliwa, na ukiwaonyesha mche wake ukiwa na majani mawili hawautambui.