Mpira wa Kati: Kosa Lililoigharimu Kurukuru

Kurukuru, timu ya taifa ya futsal ya Visiwa vya Solomon, iliiwakilisha Oceania katika Kombe la Dunia mara nne mfululizo: 2008, 2012, 2016 na 2021. Ni nchi iliyokuwa na watu takriban nusu milioni tu ilipoanza safari hiyo, na vipigo vyake huelezwa kwa kigezo hicho cha udogo. Maelezo hayo hayatoshi. Udogo wa nchi hauamui mchezaji afanye nini na mpira ambao tayari uko mguuni mwake. Kilichoiumiza Kurukuru kuliko kingine chochote ni uamuzi wa benchi na wachezaji kuhusu mpira wa kuanzia kati baada ya kufungwa, nao ulikuwa uamuzi mbovu.

Mwaka 2008 nchini Brazil, FIFA ilipanua mashindano kutoka timu 16 hadi 20, makundi manne ya timu tano tano. Solomon, wageni kabisa wa jukwaa hilo, waliangukia kundi la wenyeji na Urusi. Brazil waliwafunga 21-0, Cuba 10-2, Japan 7-2. Matokeo hayo yanaelezeka. Ya Urusi, 31-2, hayaelezeki kwa tofauti ya vipaji peke yake.

Mechi ya futsal ni dakika 40 za saa inayosimama kila mpira unapotoka. Mabao 31 ndani ya muda huo ni bao moja kila sekunde 77. Kila bao linapoingia, mpira unarudi kati na anayeuanzisha ni aliyefungwa. Kwa hiyo siku ile Solomon walikabidhiwa mpira karibu mara 30, ukiwa umetulia, Warusi wote wakiwa kwenye nusu yao ya uwanja na mita tatu kutoka kwenye mpira. Ndani ya sekunde hizo 77, kwa wastani, Solomon walianzisha, wakapoteza, Urusi wakajenga na wakafunga. Timu inayoutunza mpira haiwezi kuzalisha hesabu ya namna hiyo. Ni hesabu ya timu inayolikimbilia lango la mpinzani kila inapoanza, kana kwamba bao moja litafuta yote yaliyopita.

Njia nyingine ilikuwepo, na haikuhitaji kipaji cha Falcão, nyota wa Brazil. Kanuni za wakati ule zilitaka mpira wa kuanzia uende mbele kwanza. Baada ya mguso huo ungeweza kurudishwa nyuma, hata kwa kipa, ambaye anaruhusiwa kukaa nao sekunde nne katika nusu yake. Hapo ndipo hesabu inapobadilika: wanaokaba ni wanne, wanaocheza ni watano. Fikso, yaani beki wa nyuma, anafunguka upande mmoja, winga anashuka upande wa pili, pivoti, yaani mshambuliaji wa mbele, anabaki juu ili beki wa mwisho wa Urusi asithubutu kupanda. Futsal haina saa ya kuhesabu shambulio kama mpira wa kikapu. Kila mpira wa kati ukishikiliwa kwa sekunde 20 zaidi, mara 30, ni dakika kumi, yaani robo nzima ya mechi ambayo Urusi hawagusi mpira.

Hoja ya kwamba Warusi walikuwa na uwezo wa kukabia juu ni ya kweli, lakini ina jibu la zamani. Kipa aupige mrefu hadi kona ya mbali, ukitoka utoke, na wote wanne warudi nyuma ya mstari wa kati na kujipanga almasi. Mpinzani anayeanza mita 40 kutoka golini si sawa na mpinzani anayepora mpira katikati ya uwanja huku watu watatu wa Solomon wakiwa wamepanda.

Uamuzi wa kukimbilia lango uliharibu hata kumbukumbu za mchezo. Pula wa Urusi alifunga mabao tisa katika mechi hiyo moja na kumaliza mfungaji bora akiwa na 16, mbele ya Falcão kwa bao moja tu. Manoel Tobias wa Brazil alifunga 19 mwaka 2000 nchini Guatemala, na ukubwa wa mabao yake hauwezi kupimwa kwa mizani ya mechi ya 31-2.

Somo lilikuwa wazi, lakini Julai 2009 ulisifiwa ugonjwa uleule. Katika ubingwa wa Oceania, Elliot Ragomo wa Kurukuru aliifunga New Caledonia sekunde ya tatu baada ya kipenga, bao la haraka kupita yote katika rekodi za futsal ya kimataifa. Ndani ya sekunde tatu hakuna nafasi ya zaidi ya pasi na shuti. Ragomo alikuwa mchezaji wa kweli, na bao lile ni halali yake kwa kila hali. Tatizo ni timu nzima kuufanya mpira wa kati kuwa silaha ya kufunga, wakati mbele ya wakubwa kazi yake ni kupumua.

Malipo yalikuja Thailand 2012. Kurukuru waliifunga Guatemala 4-3, ushindi wao wa kwanza wa Kombe la Dunia, uliochezwa vizuri. Colombia waliwafunga 11-3 na Urusi 16-0. Nyuma ya Urusi, timu tatu zilimaliza na pointi tatu tatu na kutenganishwa na mabao. Solomon, wakiwa na hasi 23, walishika mkia. Colombia, waliojijengea akiba ya mabao manane kwa Solomon, walivuka na hatimaye wakawa wa nne duniani.

Mwaka 2016 waliwafunga Argentina mabao matatu katika kipigo cha 7-3, na Argentina hao ndio waliotwaa kombe. Costa Rica walishinda 4-2. Kazakhstan walishinda 10-0, wakiwa na Higuita, kipa anayepanda kama mchezaji wa tano na kuufanya mpira ukae kwao muda wote. Darasa hilo lilikuwa mbele ya macho yao.

Kikosi cha 2021 hakikuwa na meno ya kile cha 2012: mabao yake yote manne yalipatikana katika kipigo cha 9-4 cha Thailand; vipigo vingine vilikuwa 7-0 kutoka kwa Ureno, mabingwa wa mwaka huo, na 6-0 kutoka kwa Morocco. Wastani wa mabao ya kufungwa ulishuka kutoka 17 kwa mechi mwaka 2008 hadi 10, kisha 7, halafu ukabaki palepale 7. Mwaka 2024, nafasi ya Oceania nchini Uzbekistan ilichukuliwa na New Zealand.